Mablanketi ya Wenzetu

Nina roho ya kwa nini, na sioni sababu ya kuificha. Mwenzangu hapa dukani kwa dobi wanamwita "mgeni wetu", tena wanamwita hivyo huku wamemshika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nimepiga pasi katika duka hilihili miaka kabla hajaja, na sijawahi kuwa mgeni wa mtu. Wote wawili tumekimbia vita. Tofauti ni kwamba vita vya kwao vinatangazwa.

Redio ya tajiri wetu ikifika kwenye habari za kwao, mashine zinazimwa ili watu wasikie. Wateja wanasikitika, wanaguna, wanamwambia pole. Kuna mwalimu mmoja anayemkumbatia Mgeni mpaka koti lake linajikunja, kisha ananikabidhi mimi hilo koti nilinyooshe. Siku moja aliniuliza na mimi natoka wapi. Nikamwambia.

"Aa, kule!" akasema. "Kwani kule bado hamjamaliza?"

Utadhani tumeachiwa vyombo tuvioshe. Nilicheka kwa adabu na kumrudishia koti lake.

Basi wiki iliyopita watu wa mtaa wakachanga mablanketi ya kupelekwa kwao Mgeni, na tajiri akajitolea yafuliwe bure. Yalikuja marobota kwa marobota. Mgeni alifua, mimi nilikunja. Nilikunja kwa mkunjo wa kwetu, ule wa kuchomeka pembe ya mwisho ndani ili blanketi lisifunguke hata ukilirusha. Dada yangu ndiye aliyenifundisha, kwa makofi. Mikono haijui mkunjo mwingine.

Dada yuko kule bado, mjini kwetu mlimani, na watoto wake wanakohoa kwa baridi. Walikuwa wamekubaliana na majirani washuke kwa njia ya bondeni kabla wenye bunduki hawajaifunga. Hilo nililijua. Nililijua kila nilipochomeka pembe na kuweka blanketi jingine juu ya lundo, mpaka lundo likanipita kimo, na roho ikaniuma hasa. Nikalipiga picha, nikamtumia dada. Nilitaka mtu wa kuona wivu pamoja nami, basi. Maneno ya kusindikiza picha nilikuwa bado nayatafuta, makali ya kutosha, tajiri akaniita, nikaweka simu mfukoni.

Jibu la sauti liliingia kesho yake mchana. Nililifungua palepale mezani, na duka zima likajaa vigelegele.

"Mdogo wangu, tumeona!" Dada alikuwa analia na kucheka. "Ule mkunjo nimeujua hapo hapo. Nikawaambia wenzangu, huu ni mkono wa mdogo wangu, wanatuandalia! Hatushuki tena. Tukiondoka, nani atayapokea?"

Mgeni alikuwa amesimama na beseni mkononi. "Wanashangilia nini?" akauliza.

"Wanashangilia mablanketi yenu," nikamwambia. "Wamedhani ni yao. Wamedhani kuna mtu anawajua."

Alitua beseni. Akalitazama lundo, akanitazama mimi, akaanza kunibebesha mablanketi kifuani, moja juu ya jingine. "Chukua. Chukua yote, ndugu yangu."

"Niyapeleke kwa gari gani? Kuna gari la kwetu?"

Gari lililokuwa linakuja jioni lilikuwa la kwao, na hakuna mwingine aliyekuwa anapeleka chochote mlimani. Nikamchukia zaidi, Mungu anisamehe, kwa sababu hata wema wa kunigawia alikuwa nao yeye. Mimi sikuwa na cha kumgawia mtu.

Nikapiga simu. Ikakataa. Nikapiga tena na tena, nguo za watu zimelala bila kupigwa pasi, na tajiri akiniangalia kwa jicho la pembeni. Alasiri ikaita.

"Dada, ondokeni leo hii. Mablanketi hayaji."

"Barabara imeharibika?"

"Si yenu, dada."

Nilisikia mtoto akikohoa.

"Ya nani?"

"Ya kwao mwenzangu wa hapa kazini. Kwao kuna vita."

"Na huku kwetu," dada akauliza polepole, "huko wanasema kuna nini?"

Ningeweza kumdanganya. Mgeni alikuwa amezima mashine ili nisikie vizuri, kama wanavyomzimia yeye.

"Hawasemi kitu," nikamwambia.

"Lakini mkunjo ni wetu."

"Mkunjo ni wetu, dada. Njia ya bondeni iko wazi?"

"Jana ilikuwa wazi," akasema. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Kisha akaondoa simu mdomoni, nikamsikia akisema na watu waliomzunguka, kwa sauti ileile aliyokuwa ananiamshia zamani: "Si yetu. Inukeni, tujaribu hivyo hivyo."

Mwanamke mmoja akauliza, kama si yetu ni ya nani? Simu ikakatika kabla dada hajamjibu.