Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Mpira mpya wa boti ulitoka Mombasa kwa basi, ukavushwa kwa mtumbwi kutoka Madogo, ukamfikia Nunow ukiwa umeviringishwa kwenye gazeti. Aliufungua, akaiminya mikunjo yake, akauweka juu ya gunia. Kisha akalichukua kopo lake la mafuta na kulisukuma chini ya kiti cha boti, ndani kabisa, mahali ambapo mtu angelazimika kupiga magoti ili alione. Baada ya hapo alijiona mjinga, maana pale ukingoni hapakuwa na mtu wa kumficha.

Boti ilikuwa mali ya wafanyabiashara wa soko la mifugo la Garissa. Mto Tana ulipofurika na kuikata barabara ya Nairobi, walichoka kutazama mizigo yao ikiozea ng'ambo, wakateremka pwani kununua boti kuukuu. Injini yake ilikaa ndani, na nyuma ukaning'inia mguu wa chuma uliobeba propela. Pale injini na mguu vilipokutana, ukuta wa boti ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na juu ya tundu hilo ulivalishwa mpira wa mikunjo mikunjo, kama ule wa ekseli ya gari ndogo ila mnene zaidi. Mpira huo ndio uliouzuia mto usiingie ndani.

Nunow alipewa kazi ya kuitunza boti kwa sababu alikuwa ameendesha malori miaka mingi na alijulikana kwa kutunza vitu. Alizaliwa visimani, upande wa Modogashe, enzi ambazo maji yalichotwa kwa ndoo za ngozi, na marehemu baba yake hakuiacha ndoo ikauke bila kuisugua mafuta ya mkia wa kondoo. Nunow naye akausugua mpira wa boti vivyo hivyo, kila alipopata nafasi, kwa kidole, mkunjo kwa mkunjo. Grisi ya gari aliijua kuwa ni adui wa mpira. Mafuta ya kondoo aliyaona chakula. Watu walimsifu, wakasema boti ya Nunow inakula vizuri kuliko watoto wa wengine, na yeye alipenda sana kusifiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mpira si ngozi, na kwa vile alikuwa mtu wa kuulizwa zaidi ya kuuliza, hakumuuliza yeyote.

Alhamisi moja, katika kusugua, kidole chake kilizama. Kulikuwa na ufa kwenye mkunjo wa chini, mwembamba kama uzi. Aliutazama, akautia mafuta zaidi, akajiambia kwamba utajifunga. Asubuhi yake boti ikatoka na abiria, na katikati ya mto maji yakaanza kupanda miguuni mwao.

Aliyeshika usukani alikuwa Kerrow, mtoto wa Arbia, dada yake Nunow wa tumbo moja. Kijana alifanya alichoweza. Aliigeuza boti, akaikimbiza mpaka kwenye maji ya kina kifupi, ikakwama kwenye matope na watu wakashuka wakilia. Kichanga cha mwanamke mmoja, Bishara, kilichomoka kwenye shuka kikaanguka majini, na kabla hajakinyakua kilikuwa kimekwisha kunywa maji ya mto. Kilipona, ila mama yake alitetemeka mpaka jua likawa kali.

Baada ya swala ya Ijumaa wazee waliketi. Ayanle, mwenyekiti wa wafanyabiashara, alimuuliza Nunow chombo kilikuwaje. Nunow akasema, "Nilikikabidhi kizima. Huenda amegonga gogo." Lile neno huenda halikufika hata mlangoni. Jioni hiyo mji mzima ulikwisha kujua kwamba Kerrow alikuwa anatafuna miraa kwenye usukani, na wengine walijua mpaka shamba ilikotoka. Akaondolewa kwenye boti. Watu wa upande wa baba yake wakaamua aende Hulugho akachunge ng'ombe mpaka mji usahau. Muda wote wa kikao Kerrow hakujitetea. Alisema tu kwamba hakuhisi kugonga kitu, na wazee wakamwambia anyamaze.

Nunow alikuwa halali vizuri tangu hapo. Alikula bila kuonja, na msikitini alihama safu ili asikae karibu na Ayanle. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake kusikia hata jina lake mwenyewe likiitwa. Lakini kila alipojiandaa kusema alikumbuka zile sifa, na mdomo ukawa mzito.

Sasa mpira umefika, na kazi ya kuuvalisha ilihitaji mkono mrefu na mwembamba wa kupita ndani ya tundu. Mkono wa namna hiyo alikuwa nao Kerrow. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, begi lake la safari begani, kwa sababu lori la Hulugho lilikuwa linaondoka baada ya swala ya alasiri. Mkononi alibeba chupa ya chai ya maziwa ya ngamia.

"Mama amesema unywe kwanza, Abti," alisema, akitumia neno la Kisomali ambalo mtu humwita kaka wa mama yake tu. "Amesema siku hizi umekonda."

Nunow alikunywa chai ya dada yake. Walifungua nati za mguu. Mguu ulikuwa mzito, wakaukumbatia wote wawili, wakauvuta kidogo kidogo mpaka ukatoka, wakaulaza juu ya magunia. Nunow alipitisha macho kwenye mabawa ya propela akiomba aone kovu, hata dogo, la gogo. Mabawa yalikuwa laini, hayana mkwaruzo.

Kerrow alilegeza kibano cha chuma kwa bisibisi ndefu, akauvuta mpira wa zamani. Haukutoka kama mpira. Ulinyooka, ukalegea, ukaachia vipande vilivyogandamana na vidole vyake kama unga wa anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, uliokorogwa vibaya. Akaugeuza. Ufa ulikuwa chini, na kingo zake zilikuwa zimevimba, nyeusi, zinateleza. Kijana aliusogeza puani akanusa. Yeye pia alikuwa mtoto wa wafugaji, na hakuna mfugaji asiyeijua harufu ile.

Alimtazama mjomba wake, si kwa ukali. Macho yake yalikuwa yanangoja kitu.

"Abti," aliuliza taratibu, "lilikuwa gogo?"

Hapo ndipo palipokuwa pahali pake pa kusema. Walikuwa wawili tu, damu moja, hakuna mzee wala mwenyekiti. Nunow alilijua jibu, lilikuwa limekaa ulimini tayari. Badala yake akainama kuokota msasa, akasema, "Gogo. Mto huu umejaa magogo."

"Haya," alisema Kerrow. "Basi ni gogo."

Akausogelea ukingo, akautupa mpira ule mtoni, mbali. Akarudi akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na baada ya hapo hakumwita tena mjomba wake Abti. Alifanya kazi. Aliikwangua gundi ya zamani, akakisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akaizungusha beringi kwa kidole kusikia kama imeingia mchanga. Nunow alishika taa na kutoa spana. Alitamani kijana amtukane. Angetukanwa angepata la kujibu, hata kumkemea. Lakini mtu anayekufichia kosa lako mbele ya macho yako, utamkemea kwa lipi?

Walipaka gundi mpya. Kerrow aliupenyeza mkono wake wote ndani ya tundu, shavu limebanwa kwenye ukuta wa boti, akauketisha mpira kwenye mfereji wake kwa kupapasa, akazungusha vidole pande zote kuhakikisha hakuna mkunjo uliolala vibaya. Akakaza vibano. Wakaurudisha mguu, wakafunga nati, wakaishusha boti majini na kungoja. Nunow aliingia ndani akalala kifudifudi kutazama. Palikuwa pakavu.

Habari zilienda mbio, na kabla ya alasiri ukingo ulijaa watu. Walikuwepo wenye mizigo, wanawake wa sokoni, wafanyabiashara wa vitunguu kutoka Mwingi waliokuwa wamekwama mjini. Ayanle alifika na fimbo yake, na kwa ajili ya wageni akazungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kisomali.

"Boti imebona," alisema. "Shukuru Mungu, halafu shukuru Nunow. Huyu mzee nafunza sisi kazi."

Watu wakaitikia. Nunow alitazama viatu vyake. Alipoinua macho alimwona Arbia akishuka kwa uangalifu kwenye matope, amekuja kumuaga mwanawe. Lakini hakwenda kwa Kerrow kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bishara, aliyekuwa amesimama na kichanga chake akisita kupanda boti ile ile, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mtoto wangu alikukosea," Arbia alisema, na watu wakasogea ili wasikie. "Nisamehe mimi niliyemzaa."

Arbia alikuwa ameinama, mwanamke ambaye Nunow hakuwahi kumwona akimwinamia mtu, akimwombea msamaha asiyekosa kwa kosa la kaka yake aliyesimama hatua chache kutoka hapo. Nunow angeweza kusema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, wakayamaliza wenyewe. Lakini uvumi ulikuwa umekwisha kuvuka mto na mizigo, na waliobeba uvumi walikuwa wamesimama pale. Akapanda juu ya gunia la vitunguu akasema kwa Kiswahili, kile chake kibovu cha barabarani.

"Kosa sio ya Kerrow. Kijana hakugonga kitu. Mimi nilitia mafuta ya kondoo kwa ile mbira, kila siku, mbira ikaoza. Alhamisi nikaona imebasuka. Nikanyamaza. Ijumaa wazee nauliza mimi, nikasema uongo. Dada yangu, simama. Wewe hana deni kwa mtu."

Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliangua kicheko, akauliza kama mafuta hayo yalitiwa chumvi pia, na wengine wakacheka naye. Ayanle naye akatabasamu, akampiga Nunow begani.

"Haye, Nunow. Ni mafuta tu. Binadamu nasahau. Mambo imekwisha," alisema, kisha akamgeukia Kerrow. "Wewe, kijana, ingia boti. Watu nangoja."

Yamekwisha hivyo tu. Kijana alikuwa amefukuzwa mjini kwa gogo ambalo halikuwepo, na mzee aliyedanganya alikuwa anapigwa begani. Nunow alitamani wamzomee. Walikuwa wanampenda bado, na mapenzi yao yalimwaibisha kuliko matusi. Arbia peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama wima, anamtazama kaka yake kwa mshangao wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kerrow aliingia botini. Aliwapandisha abiria, akamshika mkono Bishara mpaka alipoketi, akawavusha. Aliporudi tumbo la boti lilikuwa kavu vilevile. Aliizima injini, akafunga kamba, akashuka. Kwa mbali, lori la Hulugho lilikuwa linapiga honi.

"Huna haja ya kwenda tena," Nunow alimwambia kwa Kisomali. "Umesikia. Boti ni yako."

Kijana aliokota begi lake. Alimkumbatia mama yake, akamnong'oneza kitu, kisha akamsogelea Nunow na kumkabidhi ufunguo wa boti kwa mkono wa kulia, kwa adabu kamili.

"Nilikuuliza tukiwa wawili," alisema.

Nunow alinyoosha mkono amshike bega, na Kerrow akauacha mkono ule ukae pale kidogo, kama anavyofanya mtu mwenye malezi, kabla ya kuutoa polepole.

"Ubaki salama, adeer," alisema, akapanda ukingo kuelekea barabarani.

Adeer. Si Abti. Ni neno la heshima, na halina ubaya wowote. Ndilo Kerrow angemwita mzee yeyote aliyemkuta njiani akimwuliza saa.