Uso wa Kuazima

Mama yake, ambaye ni fundi wa makochi, hakuwahi kumsamehe kwa yale mate. Mtoto kamaliza shule kwa alama za kujivunia, kaingia chuo kikuu kusomea uhifadhi wa kazi za sanaa na vitu vya kale, halafu likizo ya kwanza tu anarudi nyumbani kueleza kwamba picha chafu husafishwa kwa kijiti chenye pamba iliyoloweshwa mate ya msafishaji mwenyewe. Wala hakuwa anatania. Mate huondoa moshi na mafuta ya vidole bila kuchubua rangi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama na ada inapokelewa kwa mate. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Bi Mate, na jina likamfuata hadi chuoni, maana jina la utani halilipi nauli.

Mwaka wa nne wanafunzi walipigishwa kura ya mtihani wa mwisho, kila mmoja na kitu chake cha kuokoa. Kura ya Bi Mate iliangukia picha ya mwanzilishi wa chuo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na kutundikwa ukumbini miaka nenda rudi. Paa la ukumbi huo lilivuja misimu miwili, watu wazima na elimu zao wakiweka ndoo chini badala ya kupandisha fundi juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa hawakuziba wala hawakujenga. Picha ilipoteremshwa, ukungu ulikuwa umekula uso. Vilibaki sikio, kidevu na nusu ya mdomo. Palipokuwa na macho, pua na paji palikuwa kitambaa kitupu.

Kitupu, ila pale ambapo mjuaji mmoja wa zamani alikuwa amepaka rangi ya nyumba. Kuibandua tu kulimlia wiki tatu, ameinama chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, shingo imekakamaa. Na aliyeipaka hakujiandika popote. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko rangi yenyewe, kwa sababu katika kazi yao kila kitu huandikwa. Ipo fomu: kilichoharibika, kilichofanywa, kwa vifaa gani, kitaondolewaje siku ikibidi, na mstari wa mwisho, kwa uamuzi wa nani, jina na sahihi. Nakala hutiwa kwenye bahasha nyuma ya fremu, ikae humo maisha yote ya picha.

Somo la kutobuni kilichopotea alikuwa amelipata kwa aibu. Mwaka wa pili alipewa kasha la mbao lenye maua ya rangi, ua moja limebanduka, naye akalichora upya kutoka kichwani mwake, zuri kuliko wenzake wote. Mwalimu wa karakana, mzee mwembamba asiyepandisha sauti, alimpa kisu akamwambia alikwangue mbele ya darasa. "Sisi hatutungi," alisema. "Tunaokoa kilichobaki." Bi Mate alikwangua huku machozi yakimdondokea mkononi, na hakusahau.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Angejaza pengo kwa chaki na gundi, kisha kwa brashi yenye nywele tatu angepiga mistari myembamba ya rangi ya udongo, mamia kwa mamia. Aliye mbali angeona kivuli kilichotulia, aliye karibu angeona wazi kwamba hapa pamepotea kitu.

Ndipo akaja Mwenyekiti wa baraza la chuo, mtoto wa kiume wa mwanzilishi mwenyewe, tumbo mbele na miwani kichwani. Alikitazama kile kitambaa kitupu kama mtu aliyetukanwa. Siku ya mahafali picha ingezinduliwa upya mbele ya wageni, na baba yake hawezi kuzinduliwa hana macho. Picha ya kamera ya marehemu iliyopigwa kwa karibu hakuna, zote za mbali na zimefifia. Hakuona kama hilo ni tatizo. Alifungua mkoba akatoa picha yake mwenyewe, ya rangi, yeye na tai yake.

"Tumefanana kama mapacha," alisema. "Chora huyu."

Mwalimu alikuwepo. Bi Mate alimgeukia akingoja asikie habari za ua na kisu. Mwalimu alitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini kwamba afanye alivyoagizwa. Bila uso hakuna alama, bila alama hakuna cheti. Bi Mate alimwonea hasira Mwenyekiti, lakini kwa mwalimu alisikia uchungu, na uchungu ndio uliomnyima usingizi.

Mwisho wa wiki alikwenda nyumbani kumwaga moyo. Mama alikuwa barazani amelipindua kochi miguu juu, misumari mdomoni. Alimsikiliza, akatema misumari kiganjani, akasema mwenye nguvu mpishe. Amchoree huyo Mwenyekiti uso wake, achukue cheti, akapate kazi. Miaka minne si mchezo. Kisha akarudi kwenye kochi lake. Alikuwa amebadilisha ubao uliooza ndani, na kabla ya kuufunika kwa kitambaa alichukua penseli nyuma ya sikio akaandika juu yake tarehe na jina lake, kama afanyavyo siku zote.

Bi Mate aliuliza anamwandikia nani, na mteja hataona kamwe.

"Fundi atakayekuja kulifungua," Mama alisema. "Ajue wa kumlaumu."

Jumatatu alipiga moyo konde. Mwenyekiti alipokuja kukagua, mwalimu nyuma yake, alimkuta Bi Mate amekwisha panga kila kitu: rangi kwenye sahani, brashi safi, ile picha ya Mwenyekiti na tai yake imeegemezwa kwenye taa. Alifurahi. Bi Mate akasema yuko tayari kuchora sasa hivi, ila kuna fomu, na akamkabidhi pamoja na kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: uso ni wa mwana, si wa baba, umechorwa kutoka picha ya mwana, kwa uamuzi wa. Hapo pakaachwa wazi.

Mwenyekiti alicheka, akasema aandike baraza.

"Baraza halina mkono, Mheshimiwa. Panatakiwa jina na sahihi."

Kicheko kilikatika. Alisoma tena, polepole, akauliza karatasi hiyo itakaa wapi. Bi Mate akamwambia: nyuma ya fremu, siku zote. Mwenyekiti akaisukuma fomu kwa mwalimu, atie sahihi yeye. Mwalimu alichukua kalamu. Kisha akaifunika kifuniko, akairudisha mezani. Alisema yeye ndiye aliyemkwanguisha binti huyu ua lake, na hawezi kutia sahihi.

"Basi cheti hupati," Mwenyekiti alimwambia Bi Mate.

"Sawa. Naomba na hilo kwa maandishi."

Mtu mzima aliondoka bila kuaga, akaisahau hata picha yake. Bi Mate alishika brashi ya nywele tatu akaanza mistari.

Siku ya mahafali Mama alikaa ukumbini na nguo mpya tangu asubuhi. Majina yalisomwa hadi la mwisho, la mwanawe halikusomwa. Alama alikuwa amepewa na mwalimu. Cheti kilizuiwa na baraza. Uzinduzi ukafutwa kimyakimya, picha ikasogezwa pembeni juu ya stendi yake. Bi Mate alijikaza asilie mbele za watu. Mama alimshika mkono akamwambia amwonyeshe hiyo kazi.

Sasa Mama hana desturi ya kukagua kitu kwa mbele. Aliitupia picha jicho moja, akasema kiraka kinaonekana, vizuri, kisha akazunguka nyuma ya stendi, akatoa fomu kwenye bahasha, akaisoma kwa kidole neno kwa neno. Uso: umepotea. Haukutungwa. Kwa uamuzi wa: na hapo Bi Mate alikuwa ameandika majina yake yote matatu, akaongeza na la babu yake mzaa mama wasije wakamfananisha na mtu.

Kidole cha Mama kiliteremka, kikasimama.

"Na huyu wa pili?"

Bi Mate aliinama kutazama. Chini ya jina lake, kwa wino mwingine, palikuwa na sahihi ambayo hakuwa ameiona, yenye mkono wa kizee uliotetemeka kidogo. Alisema ni mwalimu wake, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mama aliikunja fomu kama alivyoikuta, akairudisha ndani ya bahasha na kuibonyeza ikae sawa. "Basi hao wa baraza wabaki na cheti chao," alisema. "Twende nyumbani."