Neno Moja Baada ya Sahihi

Mzee Lucas wa Zombo hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na miwani yenye mikono miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa waya. Baiskeli yake haikuwa na breki ya nyuma, nyumba yake haikuwa na mtandao mpaka apande kilimani nyuma ya kanisa, na kinywa chake hakikuwa na magego ya kutafunia mahindi ya kuchoma. Zaidi ya yote, hakuwa na subira na mtu wa kumwambia, "Mzee, weka dole gumba hapa."

Dole gumba alikuwa ameagana nalo mwaka 1974, katika darasa la usiku, kwenye mwanga wa karabai. Kabla ya hapo alikuwa akilichovya kwenye wino huku makarani wakimcheka. Alipojua kuandika jina lake, alilifanyia mazoezi miezi mitatu, mpaka herufi ya mwisho ikaota mkia wa kupendeza. Akaapa, na wote wakajua, kwamba tangu siku hiyo kidole chake ni cha kushikia jembe tu.

Uzeeni wakulima walimchagua kuwa katibu wao katika mapatano na wafugaji. Pande mbili zilikuwa zimekubaliana njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Kama barua ya mapatano hayo isingefika ofisi ya ardhi Kilosa kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa, ramani ingefungwa bila njia, na ng'ombe wangepita walikopita mwaka jana: katikati ya mahindi, mapanga na marungu yakifuata nyuma.

Barua ya kwanza, ya karatasi, mwaka jana iliharibiwa na mtu asiyejulikana aliyeongeza mstari baada ya sahihi kuwekwa. Ndipo Koileken, mkubwa wa wafugaji, akasema hataki tena kuona karatasi. Binti yake Namayiana, mwenye duka la simu Mikumi, akawawekea wazee programu kwenye simu zao.

"Sahihi hii inashikamana na kila neno la barua," aliwaeleza. "Mtu akigusa hata nukta, ukihakiki inatoka nyekundu. Isipoguswa, kijani."

Kutia sahihi barua mpya, Koileken aliweka kidole. Lucas alichagua namba ya siri.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kuituma, Lucas aliisoma tena barua, maana mwalimu wake wa usiku alimfundisha kutoachia kazi bila kuisoma mara tatu. Akaona jina limeandikwa kavukavu: Koileken Ntutu. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, aitwe kama mtoto kwenye mahudhurio! Akaongeza "Mzee" mbele ya jina, akahifadhi, akapanda kilimani, akamtumia Namayiana ahakiki.

Simu ililia kabla hajashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, barua ni nyekundu. Baba ameshaiona. Anasema mchezo ni ule ule wa mwaka jana."

Lucas alikaa juu ya jiwe. Angeweza kusema simu imekosea, nani angembishia? Badala yake alisema, "Mwambie kesho nakuja mwenyewe. Na wewe njoo."

Ijumaa alikanyaga baiskeli tangu alfajiri, akishuka na kuikokota kila penye mteremko. Alifika bomani kwa Koileken jua la utosi, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Koileken hakumkaribisha kiti.

"Mwaka jana mstari. Mwaka huu neno. Mwakani utaongeza nini, Lucas, ng'ombe?"

"Nimeongeza heshima, mzee mwenzangu. Neno ni langu, na kosa ni langu."

"Heshima niliyoongezewa nikiwa sipo siitambui."

"Ndiyo maana nimekuja. Tuweke sahihi upya, ukiwepo."

Koileken akamsogezea kigoda. "Neno lako libaki. Lakini namba ya siri mtu anaweza kumnong'oneza mwenzake. Kidole utamnong'oneza nani? Weka kidole kama nilivyoweka mimi."

Namayiana aliinamisha kichwa. Lucas aliangalia dole lake, gumu kama kisigino. Aliikumbuka sahihi yake yenye mkia, na miezi mitatu ya karabai. Halafu akayakumbuka mahindi.

"Lete simu."

Simu ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Jembe lilikuwa limekula mistari yote ya kidole.

Koileken akaangua kicheko. "Hata simu imesikia kiapo chako!"

"Kicheke tu. Hiki ndicho kilichokulimia mahindi unayonunua."

Namayiana alikiosha kidole kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa ncha ya kanga, akakisajili polepole, upande huu na upande ule. Saa tisa na robo simu ikakikubali. Lucas akasoma barua yote kwa sauti, neno "Mzee" likiwamo. Koileken akaweka kidole, kisha Lucas. Namayiana akahakiki.

Kijani.

"Usiisome mara ya nne," Koileken akaonya.

Lucas akavua miwani, asije akaona kitu cha kusahihisha. Akaelekezwa kitufe cha kuifunga barua isiguswe tena, akakibonyeza, barua ikajifunga. Kisha, kwa dole lile lile, akaituma Kilosa.