Jina la Cibalonza

"Cibalonza," aliita Mzee Idi kutoka kitanda cha dirishani, na Chausiku, mikono ikiwa ndani ya beseni la mashuka, akaitika, "Abee."

Aliitika haraka. Jikoni alikuwamo Mwasiti, mfanyakazi mpya kutoka Gatete, anakoroga uji, na Chausiku hakutaka apate hata nafasi ya kujiuliza ni nani anayeitwa. Alifuta mikono, akaenda kumlisha mzee. Mzee Idi alikuwa haoni tena. Alimpapasa kiganja, akaridhika, akafungua kinywa.

Cibalonza mwenyewe, aliyekuwa akimlisha Mzee Idi, alichukuliwa mwezi wa tano, mwaka huo wa 1972, pamoja na wauguzi wawili wa nyumba ile ya wazee. Lori lilikuja mchana kweupe. Watu wenye bunduki waliita majina, walioitwa wakapanda, na Cibalonza akauliza kama anaweza kwanza kuivua aproni kwa kuwa ilikuwa mali ya nyumba. Walimwambia apande nayo. Hakurudi hata mmoja, na mjini Rumonge, kando ya ziwa, watu wakajifunza kuzungumzia bei ya mawese tu.

Wazee wakabaki na Chausiku, na Masera Généreuse, mtawa aliyeisimamia nyumba. Masera alitafuta wafanyakazi kila pembe, Kizuka, Kigwena, mpaka milimani. Aliongeza mshahara. Aliongeza sabuni, ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chupa ya mawese kila Jumamosi. Watu walikuja, wakafanya kazi vizuri asubuhi, na jioni wakaaga kwamba mama mgonjwa. Ukiwasikiliza, akina mama wa pwani yote ile waliugua mwaka huo. Na wakubwa wa Masera walikuwa wameshasema: asipopata mtu wa kudumu kabla ya mvua, nyumba itafungwa. Mzee kama Idi, asiye na mtoto wala ndugu, angepelekwa wapi? Swali hilo lilimnyima Chausiku usingizi.

Alijua kinachowafukuza. Ni lile jina. Mzee Idi aliita, asiitike mtu, mgeni akauliza ni nani huyo anayeitwa, na mzee wa kitanda jirani akamnong'oneza. Nani angekubali kukaa mahali ambapo jina la mtu wa lori linatajwa kwa sauti, dirisha wazi, na barabara iko pale? Chausiku alijaribu kumwambia Mzee Idi ukweli. Alimwambia mara mbili. Mara zote mbili mzee alilia mpaka akakosa pumzi, na asubuhi yake, akiwa amesahau kila kitu, akaita tena. Chausiku hakuwa na moyo wa kumwambia mara ya tatu. Akaitika.

Ilikuwa rahisi mno. Wote pale walimwita Mama Feruzi, kwa jina la mwanawe, kama wanawake wote wanavyoitwa; nani angeuliza jina alilopewa na wazazi wake? Mwasiti alipofika alimsikia mzee akiita Cibalonza na kumwona mwanamke akiitika, basi, huyo ndiye Cibalonza. Wazee wengine waliuelewa mchezo, wakanyamaza. Masera alisikia pia, hakuuliza. Mwasiti alikaa juma zima, kisha mwezi, na Masera akaanza tena kuimba akigawa dawa.

Chausiku ndiye aliyeacha kuimba. Aliogopa. Alijikuta akifunga kitenge upande wa kushoto, kama alivyofunga Cibalonza. Siku moja sokoni shangazi yake alimwita kwa jina lake, Chausiku, Chausiku, na yeye akapita na samaki wake, asijue kuwa ni yeye anayeitwa. Shangazi alipomkimbilia na kumshika bega, samaki walimponyoka.

Mwezi wa nane mwanamume mmoja alisimama mlangoni, viatu mkononi, miguu imejaa mchanga wa ziwani. Chausiku alimtambua papo hapo. Alikuwa Lukeba, mume wa Cibalonza. Vurugu zilimkuta ng'ambo ya ziwa, Baraka, alikokwenda kuuza mawese, akaogopa kurudi.

"Amahoro, Mama Feruzi," alisema. "Balinambia kule Baraka, bachuuzi ba ndagala. Balisema bibi yangu iko muzima, iko hapa kwa bazee. Banamusikia anaitika."

Wachuuzi hao walileta ndagala jikoni kila Jumamosi, na ng'ambo walikwenda pia. Chausiku hakuwa amewafikiria hata siku moja. Nyuma yake Mwasiti alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Akisema ukweli, Mwasiti atausikia, na jioni mama yake naye ataugua. Akinyamaza, mwanamume huyu ataingia kumtafuta mkewe kitanda hadi kitanda.

"Ni mimi ninaitika, Lukeba," alisema. "Bibi yako balimupandisha kamiyo mwezi wa tano. Hakurudi. Unisamehe."

"Wewe?"

"Muzee anamuita. Hakuna mutu wa kuitika."

Lukeba hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Alikuwa amevuka ziwa zima na tumaini alilopikiwa na Chausiku, na Chausiku alitamani amtukane, hata ampige, lolote kuliko kukaa vile. Mwasiti aliweka mwiko chini. Akarudi ndani, akatoka na furushi la nguo zake.

"Cibalonza," aliita Mzee Idi.

Chausiku alifungua kinywa, akakifunga. Mbele ya mwenye mke angeitika vipi? Mzee aliita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na woga.

Mwasiti alisimama na furushi lake. Aliitazama barabara. Kisha akamtazama yule mwanamume kwenye ngazi, akamtazama kwa muda mrefu.

"Abee," akaitika. "Niko nakuja."

Alilitua furushi mlangoni, akaingia. Dirishani walimsikia mzee akiuliza mbona leo mikono imekonda hivi, na Mwasiti akimjibu kwamba ni kazi. Chausiku alikuwa analia, wala hakujificha.

Lukeba alikuwa amefumba macho.

"Muambie muzee aite tena ile jina," alisema.