Vyombo vya Mhunzi

Chuoni Zagreb nilikuwa nimewaambia wote kwamba baba yangu alikuwa nahodha wa meli, na kwamba alishakufa. Mshenzi mimi. Baba yangu, Bepo, ni mzima wa afya, anauza samaki sokoni katika mji wa Split, na ni samaki hao walionisomesha.

Siku ile nilikuwa sokoni hapo na Profesa Lovrenčić wa chuoni, tukikusanya majina ya samaki. Soko lote lile, akaenda kusimama kwenye meza ya baba! Akanyanyua samaki bapa mwenye doa jeusi ubavuni.

"Huyu mnamwitaje, mzee?"

"Kovač. Mhunzi," baba akajibu, uso umemchanua kwa kuniona.

"Jina nimelisikia, sababu ndiyo sina. Waitaliano na Wafaransa wanamwita Petro Mtakatifu, eti doa hili ni alama ya kidole chake. Wagiriki, samaki wa Kristo. Wakatalani, jogoo. Sasa nyie huyo mhunzi mmemtoa wapi?"

"Kichwani mwake, bwana! Mchemshe, kisha umfumue kichwa. Kila mfupa ni chombo: nyundo, koleo, fuawe. Binti yangu alikuwa akivipanga mezani kila Ijumaa, na ole wako uguse sahani yake!"

Profesa akanigeukia, kalamu mkononi. "Uliwahi kusikia haya utotoni, Bi Nevenka?"

"Hapana," nikasema. "Wauza samaki wana maneno mengi."

Akakata kwa mstari alichoandika, akacheka. "Usimkasirikie, mzee. Marehemu baba yake alikuwa nahodha. Angekuwa hai, angetupa ukweli wenyewe."

Kisu cha baba kikasimama. Aibu ilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Neno moja tu lingetosha, "baba", na nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

"Pole sana, bibie," baba akasema, bila kunitazama. "Mungu amrehemu."

Profesa akasema tunamchukua yule samaki. Baba akampara, akamtoa matumbo, akamkata kichwa na kukiweka kando. Mwili akaufunga kwenye karatasi vizuri, kama anavyowafungia wageni.

"Na kichwa, bibie? Nikufungie, au nitupe?"

Kwetu kichwa cha mhunzi hakijatupwa hata siku moja. Profesa alikuwa ananingoja.

"Tupa," nikasema.