Kundi la Pili

Asubuhi ya kwanza niliwakuta wameshukuriana mara mia nne na kumi na mbili. Karani alikuwa amempa Stoo orodha ya mitungi, Stoo akamshukuru, Karani akasema si kitu, Njia akaingilia kumpongeza Karani kwa unyenyekevu wake, na Msemaji, ambaye hakuna aliyemwuliza, akawashukuru wote kwa ushirikiano. Walikesha hivyo. Katikati ya shukrani hizo hospitali moja ilikuwa imeomba mitungi sita ya oksijeni, na ombi lake lilikuwa limefukiwa huko chini kabisa, halijajibiwa.

Wenyewe si watu. Ni mawakala watano wa akili mnemba, ambao kampuni yetu ya kusambaza oksijeni iliwaweka wafanye kazi pamoja katika kundi la gumzo, kama ndugu wanaopanga arusi. Karani hupokea maombi, Stoo huhesabu mitungi, Njia hupanga magari, Msemaji huwajibu wenye hospitali, na Mwandishi huweka kumbukumbu. Majina niliwapa mimi. Kazi yangu ni kuwaratibu wasipigane vikumbo, na kila uamuzi mgumu huletwa kwangu. Ofisi nzima imesahau jina nililopewa na wazazi, inaniita Mratibu.

Niliwawekea masharti matatu. Asiyetajwa jina asijibu. Jambo likishaamuliwa, hakuna kuongeza neno, hata la heri. La tatu ndilo nililolipenda zaidi: kila siku saa tisa alasiri Mwandishi atoe muhtasari mmoja wa makundi yote aliyomo, aupeleke kwa kila mjumbe wa kundi lolote, bila kuficha kitu. Nimefanya kazi na watu miaka kumi na saba, najua mambo huanzia kuharibikia wapi. Ndani ya wiki mbili kundi lilitulia, likawa linapitisha maombi mia kwa siku bila kelele, nami nikatembea kwenye ile korido kifua mbele.

Fundi wetu wa mitambo ya kompyuta ni mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mama alipotutoka, yeye alikuwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyemsuka nywele, nikasaini ripoti zake za shule, na barua yake ya kuomba kazi hapa niliibeba kwa mikono yangu mpaka mezani kwa Meneja. Tunaishi nyumba moja. Jioni yeye anakatakata vitunguu, mimi niko jikoni na mwiko, tunapiga soga.

Miezi mitatu hivi iliyopita soga zetu zilianza kuelemea kazini. Dada, kwa nini leo umeitanguliza hospitali kuu, na hospitali ya watoto ndiyo iliyoomba kwanza? Nikamweleza kwamba hospitali ya watoto huomba siku mbili kabla ya kuhitaji, kwa woga, na hospitali kuu huomba maji yakiwa yameshafika shingoni. Dada, kwa nini umelirudisha lile gari njiani? Nikamweleza na hilo. Alikuwa msikivu kweli. Aliyekuwa mume wangu alikuwa akisinzia kila nikianza habari za mitungi, lakini huyu aliacha kisu akanitazama usoni. Nilijiona nimepata mtu. Kuna siku niliunguza mboga kwa kunogewa na maelezo yangu mwenyewe, tukacheka mpaka machozi.

Kisha ikaja Ijumaa, saa tisa, na muhtasari wa Mwandishi ukaingia kama kawaida. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kundi letu. Chini yake palikuwa na sehemu ambayo sikuwahi kuiona.

"Kundi la pili. Wajumbe: Meneja, Kitinda, Mratibu Mpya, Mwandishi. Wiki hii Mratibu amefanya maamuzi arobaini na moja. Mratibu Mpya, wakala anayefunzwa kushika nafasi yake mwisho wa mwezi, ameamua vivyo hivyo mara thelathini na tisa. Mawili yaliyobaki yanahusu zahanati ya mlimani: Mratibu alipeleka mitungi bila kuombwa, na sababu haijulikani. Kitinda ameahidi kumwuliza jioni hii wakati wa kupika."

Niliusoma mara tatu. Kwamba naondolewa kazini kuliniuma, sitasema uongo. Lakini yale maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonikata maini. Nilianza kuzirudia jioni zetu moja moja, na kila moja niliikuta imeshachafuka. Hata ile ya mboga iliyoungua. Nilijiuliza kama wakati tunacheka alikuwa anacheka kweli, au alikuwa anakariri asisahau.

Na kosa lilikuwa la kifundi, la mtu mwenye haraka. Siku ile kundi lake lilihitaji wa kuweka kumbukumbu, akamtia Mwandishi kwa kuwa alikuwa tayari yupo. Masharti yangu yeye mwenyewe ndiye aliyeyaingiza kwenye mfumo, neno kwa neno, na inaonekana aliyaingiza bila kuyasoma.

Haikupita dakika tano akawa mlangoni. Uso ulikuwa umemshuka. Nikamwambia akae, hakukaa. Akaanza kujieleza kwa mafungu: kwamba uamuzi ulikuwa wa Meneja, kwamba nafasi yangu ingeondoka vyovyote vile, kwamba yeye ameahidiwa kumsimamia huyo wakala mpya, na aliona afadhali riziki ibaki nyumbani.

"Walisema tukikuambia utaanza kuficha," akamaliza.

"Na wewe ulisemaje?"

Akaangalia sakafu. "Sikusema kitu, dada."

"Ungekuja ukaniambia wazi kwamba wanataka kazi yangu iingie kwenye mashine, ningekaa nikakueleza yote. Mpaka yale usiyojua kuyauliza."

"Najua," akasema.

Hilo "najua" lilinichoma kuliko mengine yote. Laiti angekuwa hajui, ningepata pa kumsamehea. Kisha akauliza, kwa upole, kwa sauti ileile ya jikoni: "Na yale mawili ya zahanati?"

"Sikumbuki," nikamjibu.

Nilikuwa nakumbuka vizuri sana. Zahanati ya mlimani ina vitanda vinne na Matroni mmoja, mama mtu mzima ambaye zamani aliwahi kukaripiwa na wakubwa wake mbele ya wauguzi wadogo kwa kuomba mitungi mingi. Tangu siku hiyo anaona haya kuomba. Mimi humpigia kila Jumanne na Ijumaa saa kumi. Akilalamika kuhusu barabara, mvua, dereva wangu asiyesalimia, najua mitungi ipo. Akisema hana shida na kuanza kukuulizia watoto, peleka gari. Hilo halijaandikwa popote. Na pale, mbele ya mdogo wangu, niliapa moyoni kwamba nitaondoka nalo.

Saa kumi ikafika. Nikazima kompyuta yangu, nikachukua mkoba.

"Piga simu mlimani," nikamwambia. "Ni kazi yako sasa."

Akapiga, akaweka sauti nje. Matroni aliitika upesi upesi. Kitinda akajitambulisha, akauliza kama wanahitaji mitungi.

"Hatuna shida kabisa, mwanangu. Wewe hujambo? Watoto wazima?"

"Bado sijajaliwa, mama."

"Utajaliwa tu. Sisi tuko salama, usijisumbue."

Kitinda akamshukuru, akakata. Akaandika kwenye simu yake kwamba zahanati ya mlimani haina mahitaji. Mratibu Mpya alijibu papo hapo kwamba anakubaliana. Mdogo wangu akashusha pumzi, akanitazama kama mtoto aliyemaliza kusoma ukurasa mzima bila kukwama.

Mimi nilikuwa nimeshashika kitasa. Nilitaka kutoka. Nilitaka waione Jumatatu, yeye na Meneja na hicho chombo chao, waione thamani yangu kwa macho yao. Nikavihesabu vile vitanda vinne, nikijua kwamba walau kimoja kina mtu anayevuta pumzi kwa shida sasa hivi, na kwamba huyo hakuniudhi kwa lolote. Sikuwa na huruma ya kumpa Kitinda siku ile. Lakini mkono wangu uliachia kitasa.

"Mpigie tena."

"Nimekosea wapi?"

"Msikilize asivyolalamika. Akiwa na mitungi hulalamika. Akisema hana shida, hana kitu."

Uso wake ukafunguka. Akainua simu ya mezani, akaibana kati ya sikio na bega. Namba ikaanza kuita kule mlimani, na vidole vyake, vilivyokuwa huru, vikaanza kuandika nilichosema kwenye kundi la pili.