Daraja la Kumi na Sita na Nusu

Katika ikulu ile hakuna aliyekaa kabla Mama Nafasi hajasema akae wapi. Cheo chake halisi kilikuwa Karani wa Madaraja, lakini kuanzia bustanini hadi barazani wote walimwita Mama Nafasi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujua nafasi ya kila mtu: nani apite mlango gani, nani amtangulie nani, nani apewe kiti chenye mgongo na nani ajibanze kwenye benchi. Himaya ilikuwa na madaraja mia mbili na kumi na nne. La kwanza lilikuwa la Malkia mwenyewe. La mwisho lilikuwa la Msaidizi wa Mshika Mwavuli wa Akiba, bwana mmoja mpole aliyekula kila karamu akiwa amesimama, karibu na mlango wa kutolea vyombo vichafu, na hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Waliolalamika walikuwa wa juu. Na katika hao wa juu, Bwana wa Mito hakuwa na mpinzani.

Bwana wa Mito alikuwa wa kumi na nane. Wa kumi na saba alikuwa shemeji yake, Bwana wa Milima, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila asubuhi alifika ofisini kwa Mama Nafasi, akajiweka juu ya meza bila kukaribishwa, katikati ya vigingi vidogo vya mbao ambavyo mama yule alivitumia kupangia viti vya karamu.

"Hebu fikiria, mama yangu," alisema. "Mlima umekaa tu. Mto unatembea. Kati ya anayekaa na anayetembea, nani atangulie?"

"Mheshimiwa, umemkalia Waziri wa Posta."

Bwana wa Mito aliinuka, akakichomoa kigingi kwenye mkunjo wa kanzu yake, akakirudisha mezani kichwa chini, akaendelea palepale alipoishia. Mtu huyu alikuwa na domo. Katika karamu ya mwaka uliopita aliomba kusema maneno mawili tu ya shukrani, na maneno yale mawili yalianza saa sita mchana, supu ikiwa inafuka moshi, yakaisha supu ikiwa imeganda utando kama maziwa. Mpishi mkuu wa ikulu alilia jikoni huku amejifunika aproni. Na mpishi mkuu huyo alikuwa mume wa Mama Nafasi.

Wiki mbili kabla ya karamu nyingine, mpishi alimletea mkewe chakula cha mchana ofisini, kama ilivyokuwa kawaida yao. Alimkuta ameinamia Kitabu cha Madaraja, kile kikubwa kinachohitaji watu wawili kukibeba, ameshika tama.

"Kuna nini?"

"Wadudu wametafuna. Angalia, hapa katikati ya kumi na sita na kumi na saba. Pamebaki nafasi tupu ya mistari minne. Sijui palikuwa na neno au palikuwa wazi tangu mwanzo."

Mpishi aliweka sahani, akachungulia lile tundu, kisha akacheka hadi tumbo likatikisika. "Mke wangu, hiyo ni bahati. Andika hapo daraja la mtu asiyeruhusiwa kusema. Halafu mpe yule bwana."

"Wewe mwanamume una wazimu. Miaka thelathini na mmoja sijaongeza hata nukta kwenye kitabu hiki."

"Mimi natania tu," mpishi alisema, akaenda zake.

Lakini utani ule haukuondoka naye. Mama Nafasi alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani. Alitazama mlango. Alitazama lile tundu. Alisikia kwenye korido sauti ya Bwana wa Mito, ambaye alikuwa akimweleza mfagizi, kwa urefu na kwa mapana, tofauti ya mto na kijito. Basi akapiga moyo konde. Akabandika kipande cha karatasi kuukuu nyuma ya tundu, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wa kizamani:

*Daraja la Kumi na Sita na Nusu: Mtunza Kimya cha Kiti cha Enzi. Huingia mbele ya la kumi na saba. Hukaa kiti chenye mgongo mrefu. Huvaa utepe wa zambarau. Wala hasemi neno tangu tarumbeta ya kwanza hadi kikombe cha mwisho kiondolewe mezani.*

Kisha akapaka chai juu yake kwa ncha ya kidole, akapepea kwa bahasha, akichungulia mlango kama aliyeiba.

Kesho yake Bwana wa Mito alipokuja, alikuta kitabu kimeachwa wazi. Mama Nafasi alijitia anatafuta kitu kwenye droo ya chini kabisa. Akasikia pumzi ikivutwa.

"Mama! Hili la kumi na sita na nusu ni la nani?"

"Lipi, mheshimiwa? Aa, hilo. Halina mtu."

"Utepe wa zambarau! Mbele ya la kumi na saba! Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Umesoma mpaka mwisho, mheshimiwa?"

"Nimesoma ya kutosha. Nalitaka."

Mama Nafasi, kwa kuwa hakutaka baadaye ionekane kamdanganya, alimsomea mstari wa mwisho kwa sauti, polepole. Bwana wa Mito alimeza mate. Alikunja uso, akaukunjua, akatembea hadi dirishani. Huko nje, kwa bahati mbaya au nzuri, Bwana wa Milima alikuwa akipita uani kwa madaha, mikono nyuma.

"Nalitaka," alisema tena.

Cheo hakitolewi bila muhuri wa Malkia, na siku ya tatu Mama Nafasi aliitwa juu, aje na kitabu. Wapagazi wawili walikitanguliza. Yeye alifuata. Alimkuta Malkia amekaa peke yake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, viatu vya sherehe vimetupwa kando. Malkia alivaa miwani, akaisoma ile mistari mara mbili. Halafu akainamia ukurasa, akanusa.

"Chai," alisema.

Mama Nafasi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Ndiyo, Mtukufu."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi, Mtukufu. Ya maziwa ingeacha mafuta."

Malkia alivua miwani. Mabega yalianza kumtikisika, kidogo kidogo, hadi maji yakamwagika kwenye zulia. "Miaka kumi na miwili," alisema alipopata pumzi, "miaka kumi na miwili nimekula supu ya baridi kwa ajili ya mtu yule, na sikuweza kumnyamazisha kwa sababu babu yake alimpa babu yangu farasi. Lete muhuri. Ila sikiliza, mama. Ukirudia kuandika kitabuni bila kuniambia, nitakupa daraja la mia mbili na kumi na tano."

Siku ya karamu tarumbeta ililia saa sita kamili. Bwana wa Mito aliingia kifua mbele, utepe wa zambarau umemvuka bega. Bwana wa Milima alifuata nyuma yake, uso umemvimba, na dada wa Bwana wa Mito, aliyeolewa na huyo wa milima, alilazimika kuuma leso asicheke. Malkia akaketi, wote wakaketi. Pakawa na ule muda ambao kila mwaka watu walishusha pumzi na kujiandaa kwa mateso. Bwana wa Mito alisimama nusu, akafungua mdomo. Malkia akamtazama. Akafunga mdomo, akakaa, shingo nyekundu.

Supu ililetwa ikiwa inachemka. Mpishi alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona mgeni wa kwanza akipuliza kijiko, akarudi jikoni akamkumbatia msafisha sufuria.

Mama Nafasi alidhani atafurahi, na alifurahi kwa muda. Lakini kadiri mlo ulivyoendelea aliona jambo ambalo hakulitarajia. Wa kulia kwa Bwana wa Mito aligeuka, akaanza kumwelezea kitu. Kisha wa kushoto. Mtu aliyenyamaza ni adimu kwenye meza ile, na wote walimvamia. Mjane wa jenerali alimshika mkono akamsimulia habari za mwanawe. Mkuu wa Madaraja ya Mbao aliinuka kutoka kiti chake cha mbali, akaja kuchuchumaa karibu naye kabisa. Bwana wa Mito alitikisa kichwa, akaguna, akatoa macho, na mara moja alifuta jicho kwa ncha ya utepe.

Asubuhi iliyofuata mlango wa ofisi ulifunguliwa kabla Mama Nafasi hajavua mtandio.

"Nimekuja kukushukuru," alisema Bwana wa Mito, akajiweka juu ya Waziri wa Posta. "Mama yangu, umeona nilivyonyamaza? Unajua nimesikia nini jana? Sikujua hata kidogo kwamba daraja la mtoni kwangu linataka kuanguka! Kwenye mto wangu mwenyewe! Yule Mkuu wa Madaraja ya Mbao ananiambia amejaribu kunieleza miaka minne na hakupata upenyo. Nimeshatuma mafundi alfajiri hii. Na yule mjane, maskini, ngoja nikueleze tangu mwanzo..."

Akaeleza tangu mwanzo. Akaeleza na ya wa kulia, na ya wa kushoto, na aliyoyawaza yeye walipokuwa wakisema, na ambayo angewajibu kama angeruhusiwa. Maneno yote ya jana yalikuwa yamerundikana ndani, sasa yalitafuta pa kutokea. Saa ya kwanza Mama Nafasi alisikiliza kwa moyo mweupe, hasa habari za daraja, akajisikia kama aliyefanya jambo la maana. Saa ya pili alianza kupanga vigingi kwa rangi. Mumewe alileta chai, akasikia, akaiweka kizingitini, akatoweka bila kuaga. Saa ya tatu ilikuwa inaanza, na mjane bado hajamaliza kumlea mwanawe, mlango ulipogongwa kwa hasira.

Alikuwa Bwana wa Milima. "Mama Nafasi! Nimekuja kujua kwa nini mtu huyu..."

"Karibu, mheshimiwa, karibu sana!" Mama Nafasi alikuwa ameshasimama, amekisukuma mbele kiti chake mwenyewe, kile cha ngozi ambacho hakuwahi kumpa mtu. "Umefika wakati wake. Shemeji yako ana jambo muhimu la kukueleza, na kwa haki wewe ndiye wa kwanza kulisikia, kabla ya mtu yeyote katika himaya."

Bwana wa Milima aliposikia neno *wa kwanza*, hasira ilimshuka. Akakaa, akanyoosha kanzu.

Mama Nafasi alichukua kikombe chake pale kizingitini, akafunga mlango taratibu kwa nje, akateremka jikoni kula.